UKINGO WA MTO NAO UINGIE KATIKA MAPATANO



Tukikaa mezani na wakubwa wa mashamba, twazungumza mshahara, nyumba na likizo. Ni haki yetu. Lakini liko jambo ambalo halijapewa nafasi mezani, nalo ni majani na miti ya ukingo wa mto. Sisi twasema sasa lipewe.

Kila msimu amri hutoka, mapanga hugawanywa, na wafanyakazi huambiwa wafyeke ukingo mpaka majini ili shamba lipate mistari michache zaidi. Mvua ikinyesha, maji hukimbia moja kwa moja mtoni na udongo, mbolea na dawa. Kesho yake jamaa zetu huenda kuchota hapo hapo. Mkubwa hanywi maji hayo. Yeye hununua ya chupa.

Yako maneno kwamba majani hayo ni pori lisilo faida. Si kweli. Nyasi nene hupunguza mbio za maji, na udongo hutua kabla ya kufika mtoni. Fosfati ya mbolea husafiri imeshikamana na udongo, basi udongo ukizuiwa, nayo huzuiwa. Naitreti huyeyuka na kupita chini ya ardhi. Huko mizizi huinywa, na vijidudu vya udongo wenye maji huigeuza kuwa hewa. Ikipita yote, hudhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Na katika ziwa mbolea hulisha mwani, mwani ukioza humaliza hewa ya majini, na samaki hufa.

Tazameni Naivasha. Ziwa lile halina mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hiyo matope yanayoingia na mto Malewa hubaki humo. Zamani mafunjo mengi yalisimama pale Malewa inapoingia, yakichuja. Mengi yamekatwa na kuliwa na mifugo. Na hili ni ziwa lililoingizwa mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar, ya maji yenye thamani kwa dunia nzima.

Wakubwa watasema kuacha ukingo ni hasara. Twawajibu: mbolea inayokwenda na maji ilinunuliwa kwa fedha, na pampu inayozibwa na matope hutengenezwa kwa fedha. Tena hatuombi hisani. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima kando kabisa ya mto. Kanuni za maji za mwaka 2006 ziliagiza kuacha kila upande nafasi sawa na upana wa mto, isiyopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama.

Basi twataka haya yaandikwe katika mapatano:

1. Mfanyakazi asiamriwe kufyeka wala kunyunyiza dawa ukingoni, na akikataa asiadhibiwe.

2. Ukingo uliokwisha kulimwa urudishiwe nyasi, mafunjo na miti ya asili kama mikuyu. Mikaratusi isipandwe hapo, kwani hunywa maji mengi.

3. Mitaro na mabomba yanayopenya ukingo yafungwe au yageuzwe. Maji yakipita ndani ya bomba, nyasi haziwezi kuyachuja hata zikiwa nene namna gani.

Wengi wetu tuna vishamba nyumbani, na vingine vyafika mtoni. Sheria hii ni yetu pia. Hatutakuwa na uso wa kumdai mkubwa mita 6 tukiwa tumepanda viazi mpaka majini.

Kabla ya mkutano ujao, wajumbe wa kila tawi wachukue kamba, wapime ukingo wa shamba lao, waandike hesabu na kuileta. Tukiingia mezani na vipimo, hakuna atakayetuambia kwamba twasema kwa kubahatisha.