Unataka digrii ya falsafa na uko Nyeri? Soma hii kabla ujaze chaguo za KUCCPS

Simama steji ya Nyeri uulize chuo kikuu kiko wapi, utaonyeshwa kila upande. Dedan Kimathi kiko hapo tu nje ya mji. Teremka kidogo, Karatina. Ukizunguka mlima unapata Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru, na huku chini Murang'a. Vyote vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili kati ya 2012 na 2016. Kwa kizazi chetu hiyo si kitu kidogo. Wazazi wetu walikuwa wanafunga sanduku kwenda mbali.

Sasa uliza falsafa inasomewa wapi.

Vyuo hivi vilianzishwa hasa kwa teknolojia, kilimo, ualimu na biashara. Falsafa ukiipata, mara nyingi ni somo moja limeingizwa ndani ya kozi nyingine. Nyeri ina mahali ambapo vijana hukaa darasani miaka wakisoma falsafa yenyewe, nayo ni Seminari Kuu ya Christ the King. Lakini hiyo ni ya wanaojiandaa kuwa mapadri. Kama huna wito, unapanda matatu kwenda Nairobi.

Na hapo ndipo nataka tuongee, kwa sababu najua utakachofanya. Utachagua jina. "Niko UoN" inasikika fiti pale kijijini. Mimi sikumaliza chuo, so sina digrii ya kukuringia, lakini hii nakuambia: falsafa unachagua idara, si geti la chuo.

Angalia historia ya Nairobi yenyewe. Falsafa pale ilianza ikiwa idara moja na masomo ya dini. Henry Odera Oruka, jamaa aliyesomea Uppsala kule Uswidi, alipigania itengwe, na 1980 ikawa idara yake yenyewe. Si ubishi wa ofisi tu huo. Swali lilikuwa kama Mwafrika anafikiri kwa hoja, ama anarithi tu imani za ukoo. Oruka akaenda mashinani na wanafunzi wake, wakawahoji wazee walioheshimika kwa busara, wengi hawakuwa na shule ya maana. Mmoja wao alikuwa Stephen M'Mukindia Kithanje kutoka Meru, upande ule mwingine wa mlima wako. Kitabu kikatoka 1990. Manze, mzee wa Meru anasomwa kwa madarasa ya falsafa ng'ambo, na wewe hapa mlimani huna pa kumsomea.

Na kama mjomba anakuuliza falsafa inasaidia nini, mkumbushe kesi ya S. M. Otieno. Mwaka 1987 nchi nzima ilisimama kusikiliza nani atamzika wakili huyo, mjane wake Wambui ama ukoo wake wa Kijaluo. Oruka aliitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu, akahojiwa kuhusu mila. Unaweza kupinga upande alioitwa (mimi napinga), lakini mwanafalsafa alikuwa kizimbani kwa jambo lililogusa kila boma.

Leo Nairobi falsafa na dini zimerudi chini ya idara moja, na Kenyatta pia zimekaa pamoja. CUEA kule Lang'ata ni chuo cha Kanisa Katoliki, kina falsafa nzito, na darasani utakaa na mafrateri wengi. Hiyo si mbaya. Frateri anasoma kweli, na ukibishana naye kuhusu Aquinas utajua hujui. Ila lazima ujue unaingia wapi. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, uhesabu mangapi ni mantiki, maadili, siasa na fikra za Kiafrika, na mangapi ni dini yenye jina lingine. Uliza walimu wa falsafa wa kudumu ni wangapi.

Halafu doo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uligawa familia makundi matano. Kundi la chini kabisa, serikali inatoa asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Kundi la juu, nyumbani ni asilimia 40. Na ufadhili huo uliwekewa vyuo vya umma. Ukienda cha kibinafsi unabaki kuomba mkopo wa HELB. Kwa hivyo CUEA na UoN si bei mbili tofauti tu, ni njia mbili tofauti za kulipa. Ongeza keja ya Nairobi, na kumbuka chuo hufunguliwa Septemba wakati bonasi ya majani chai huja kama Oktoba. Wewe wa Othaya unajua hiyo mwezi mmoja inamaanisha nini.

Kuna jambo lingine linaloniwasha. Pesa sasa zinamfuata mwanafunzi, na KUCCPS imekuwa ikitangaza kozi zilizokosa hata mwombaji mmoja. Grade 10 ya kwanza imeanza 2026, na mpango wa wizara ni asilimia 60 waende sayansi na teknolojia. Hao wanafika chuo 2029. Idara ndogo ya falsafa itakuwa inagombania wachache watakaobaki. Uliza wazi: mwaka jana waliingia wangapi, na mkiwa wachache mnatuhamishia kozi gani?

Usiulize kwa simu. Kenyatta iko Thika Road, utaiona dirishani kabla ufike mjini. Shuka hapo siku ya kazi, tafuta idara, omba kukaa nyuma ya darasa moja. Kisha panda tena uende UoN ufanye hivyo hivyo. Nauli ya siku moja, na kama hujaelewa neno lakini hutaki kutoka, jaza hiyo kozi.