Pingu zimetoka wodini, 'anatafuta kiki' imebaki

Fungua simu yako sasa hivi. Kabla dakika kumi ziishe utakuwa umepata mtu anayemwita eks wake narsisisti, mwingine anayesema bosi wake ni saikopathi, na dada fulani wa TikTok anayekufundisha dalili tano za mpenzi mwenye sumu. Sote tumekuwa madaktari wa akili bila kuhudhuria hata semina moja. Mimi mwenyewe sina haki ya kucheka mtu. Niliacha chuo mwaka wa pili (uanahabari, karo, stori ndefu), kwa hivyo haya ninayokuandikia niliyasoma mwenyewe usiku, kwa bando la shilingi hamsini, baada ya jambo ambalo nitakusimulia hapo chini.

Kwanza habari yenyewe. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Ndicho kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu: kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa walioenda kortini. Jaji alikubaliana nao kwamba kifungu hicho kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake, kinamvua heshima na kinagusa haki yake ya kupata matibabu. Sheria hiyo tulirithi kwa Mwingereza, na yeye mwenyewe alifuta yake mwaka 1961. Fanya hesabu.

Tulishangilia, na ilifaa tushangilie. Ndugu yako akiponea, usiogope tena kwamba atafungwa pingu kwenye kitanda cha wodi. Lakini jiulize: askari akishaondoka mlangoni, nani amebaki? Amebaki muuguzi. Na kuna kundi moja la wagonjwa ambalo hukumu yao haikuwa ikitolewa na hakimu peke yake. Hutolewa pale mapokezi, kwa maneno mawili au matatu, na hakuna rufaa.

Hao ni watu wenye matatizo ya haiba.

Haiba ni ile namna yako ya kuhisi, kufikiri na kukaa na watu, ile inayofanya marafiki wako waseme 'ah, huyo ndivyo alivyo'. Kila mtu ana vituko vyake. Kuna mtu mkimya, kuna mpenda sifa, kuna yule lazima sahani zipangwe kwa rangi. Hilo si ugonjwa. Linakuwa tatizo pale mtindo huo umekolea kiasi cha kuharibu kazi, urafiki na nyumba, na umedumu miaka, si zile wiki mbili baada ya kuachwa. Mara nyingi huanza kuonekana ujanani, yaani umri wako na wangu. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinataja aina kumi. Shirika la Afya Duniani limeachana na orodha ndefu ya aina. Mwongozo wake ulioanza kutumika Januari 2022 unauliza kwanza tatizo limefika wapi: jepesi, la wastani au kali. Tafiti za kimataifa zinakadiria kuwa kati ya watu 100, kama 6 hadi 8 wana tatizo la namna hii. Panda mat ya abiria 33 na ujue kuna kama wawili humo ndani. Hujawagundua.

Linaloleta watu hospitalini mara kwa mara ni lile linaloitwa bodalaini, yaani la mpakani. Jina lenyewe ni la mwaka 1938, enzi ambazo madaktari walidhani wagonjwa hawa wako mpakani mwa makundi mawili ya magonjwa ya akili. Jina halisemi lolote kuhusu wanachopitia, kwa hivyo acha nijaribu. Wewe ukituma meseji na mtu asijibu kwa saa mbili, unasema labda simu imezima. Mwenye tatizo hili mwili wake wote unapokea habari kwamba ameachwa, na inamuuma kama msiba. Saa nne baadaye umejibu, na wewe ndiye rafiki bora duniani. Kesho umeahirisha kukutana naye, na sasa umekuwa adui. Katikati ya hayo kuna utupu, hasira inayomtisha yeye mwenyewe kabla haijakutisha wewe, na wengine hujiumiza ili makelele ya ndani yapoe. Chanzo? Mchanganyiko. Kuna kuzaliwa na hisia kali, na mara nyingi, japo si kila mara, kuna utoto wenye kipigo, dhuluma au kupuuzwa.

Sasa ile stori. Nilikuwa nakaa na rafiki yangu katika keja moja huku Zimmerman. Usiku mmoja alijiumiza, nikamweka kwa nduthi katikati yangu na dereva, tukaenda hospitali ya umma. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo. Muuguzi wa zamu alimtazama akasema, "Tena ni wewe?" Halafu akanigeukia mimi: "Huyu anatafuta kiki. Hapa kuna watu wagonjwa." Tulikaa kwenye benchi hadi alfajiri. Rafiki yangu hakulia wala hakujibu. Alivuta mkono wa sweta ukafunika kidonda, kama mtu aliyeaibika kwa kuja na nguo chafu.

Nilimchukia yule sista karibu mwaka mzima. Niliandika uzi mrefu wa matusi, nashukuru sikuutuma. Kisha nikaanza kusoma.

Mwaka 1988 watafiti wawili Waingereza, Lewis na Appleby, waliwapa madaktari wa akili maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni. Wengine walipata maelezo hayo yakiwa na nyongeza: kwamba zamani aliwahi kuambiwa ana tatizo la haiba. Basi. Mgonjwa ni yuleyule, dalili ni zilezile. Walioona nyongeza ile walimwona msumbufu, mtu wa hila, asiyestahili sana muda wao. Hao ni madaktari bingwa, wamesomea. Kwa hivyo sista wangu wa Nairobi hakuvumbua dharau, aliikuta.

Lakini kilichonishika zaidi ni cha zamani kuliko hicho. Mwaka 1957 daktari Tom Main wa Hospitali ya Cassel, Uingereza, alikaa na wauguzi wake wazungumze kwa uwazi kuhusu wagonjwa waliowashinda. Waliishia kukiri jambo. Dawa ya usingizi, ambayo kila mmoja aliamini anaitoa kwa sababu mgonjwa anaihitaji, ilikuwa ikitolewa pale subira ya muuguzi mwenyewe ilipofika mwisho. Mgonjwa alimeza, muuguzi akapumua. Main aligundua pia kwamba wagonjwa hawa waligawanya wodi: kwa baadhi ya wafanyakazi mgonjwa ni mtoto wa kuokolewa, kwa wengine ni mwongo aliyewapumbaza wenzao. Wafanyakazi wakagombana, mgonjwa akazidi kuumwa.

Nikamkumbuka sista wetu. Usiku ule alikuwa peke yake, na foleni ilifika nje. Kulikuwa na mtoto mwenye degedege na mzee aliyegongwa na gari. Nani alimfundisha cha kufanya na mtu anayerudi na kidonda kilekile? Nani alimuuliza asubuhi, "Na wewe uko aje?" Hasira yangu ilipungua. Haikuisha, nisikudanganye.

Maana nilikuja kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri. Rafiki yangu alilazwa baadaye, kwingine, na huko kulikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima, wa kuongea polepole. Siku ya kwanza alimwambia, "Msichana wangu, sasa nagawa dawa. Nitakuja kwako saa tisa, tutakaa dakika kumi na tano." Saa tisa alikuja. Dakika kumi na tano zilipoisha, aliondoka, hata rafiki yangu alipomsihi, hata alipomtukana. Kesho yake saa tisa alikuja tena, bila kinyongo. Mimi niliona ni ukali. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo dawa yenyewe. Mtu ambaye maisha yake yote ameahidiwa na kuachwa, unamtibu kwa kuahidi kidogo na kutimiza chote.

Na alikwenda kwake hata siku alizokuwa ametulia. Ukifikiria, hospitali nyingi hufanya kinyume: ukitulia hakuna anayekuona, ukijiumiza wanakuja mbio. Halafu tunashangaa. Aliosha kidonda kwa adabu ileile ambayo angemwoshea aliyeungua kwa stima. Alimuuliza waziwazi kama anawaza kujiua, kwa sababu kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulisema. Na rafiki yangu aliposema, "Wewe ndiye mzuri hapa, yule wa usiku ni shetani," hakufurahia sifa. Alimjibu kwamba yeye na wa usiku wanafuata mpango mmoja, kisha akaenda akamweleza mwenzake mbele ya msimamizi.

Usidhani kuna kidonge ambacho Serikali imeficha. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2009 ulisema dawa zisitumike kutibu bodalaini yenyewe. Zinaweza kusaidia magonjwa yanayoandamana nayo, kama sonona. Kinachofanya kazi ni tiba ya mazungumzo yenye mpangilio. Inayojulikana zaidi, DBT, ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 2011 aliambia dunia kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa na miaka 17. Na wale wanaosema 'huyo hatabadilika' hawajasoma kazi ya Mary Zanarini, pia wa Marekani. Aliwafuatilia wagonjwa waliowahi kulazwa. Ndani ya miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepitisha angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo vya ugonjwa. Maisha kamili, kazi na mahusiano, yalichelewa kurudi. Ni kama nusu tu walioyafikia. Lakini 'hatabadilika' ni uongo.

Huku kwetu kitu kinachokosekana si maneno mazuri. Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wenye wazimu, bado ndiyo jina la kwanza linalotajwa na kila mtu, tena kama tusi. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho na kuzipa kaunti majukumu. Karatasi tunazo. Lakini usiku, mtu anayejiumiza hapelekwi kwa jopokazi. Anapelekwa kwenye kitengo cha dharura kilicho karibu, na kumpata hapo muuguzi aliyesomea afya ya akili ni bahati. Maoni yangu, na unaweza kunipinga: kabla ya kujenga majengo mapya yenye utepe wa kukatwa, kila kaunti ingewapa wauguzi wake wa dharura mafunzo ya wiki chache na saa moja kila wiki ya kukaa na mwenzao mzoefu, kusema yaliyowashinda bila kuogopa barua ya onyo. Main alifanya hivyo kwa kuwakalisha wauguzi wake chumba kimoja. Hakuhitaji mashine.

Rafiki yangu sasa anafanya kazi ya kushona wigi pale tauni, na kila Alhamisi anaenda kliniki. Kuna wiki mbaya.

Wewe ukijikuta usiku mmoja umemshika mtu mkono ukielekea hospitali, ukifika uliza kama kuna muuguzi au afisa wa afya ya akili wa zamu. Na kama hayupo, omba waandike kwenye faili kwamba aletwe asubuhi. Keti naye. Akiambiwa anatafuta kiki, mjibu wewe, kwa upole, kwamba amekuja kutibiwa. Na kama ni wewe unayewaza kujiua, piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni bure.