Mwanamke si Mti wa Kivuli

Imekuwa ada kwa watungaji wetu, na kwa walimu pia, kumfananisha mwanamke na mti. Mti huzaa, naye huzaa. Mti hutoa kivuli, naye huwahifadhi wanawe. Mti hupigwa mawe wala hausemi neno. Hapo penye kutosema ndipo sisi tunapokataa kuitikia. Mbona sifa hii haitaji kamwe nani ana ruhusa ya kuupanda mti wenyewe?

Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mpaka, huko Kakamega, watafiti wa miaka ya 1980 waliukuta mwiko: mwanamke akipanda mti atakuwa mgumba, ama mumewe atakufa. Kuni, lakini, azitafute yeye, azibebe yeye, apikie yeye. Maana ya mwiko huo si fumbo: apandaye mti huonyesha kuwa ardhi ni yake. Tazama basi werevu wa mila! Mwanamke aitwe mti katika shairi, asiwe na mti shambani.

Wako watakaosema kwamba miiko ndiyo iliyohifadhi misitu yetu. Iko iliyohifadhi, hatubishi. Wangari Maathai ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, na jinsi kijito cha karibu kilivyokauka baadaye mti ule ulipokatwa. Mwiko ule ulilinda maji ya wote. Huu wa Kakamega ulilinda milki ya mume tu.

Maathai alipanda miti 7 Nairobi tarehe 5 Juni 1977. Kina mama wa vijijini walipoanza kuotesha miche, wataalamu wa misitu walishuku: ati kazi hiyo yataka wenye vyeti. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazipanda hata katika vyungu vilivyovunjika. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti ilikwisha kupita milioni 30. Hatujasikia kwamba ugumba uliongezeka.

Twawataka wanachama waiondoe darasani insha ile ya «Mwanamke ni kama mti». Badala yake wanafunzi waulizwe: mti ulio mbele ya nyumba yenu aliupanda nani, kuni zake huokotwa na nani, na ukiuzwa, fedha hupokewa na nani? Majibu yaletwe katika mkutano wetu ujao. Mashairi yatangoja.