Khwisero: chemchemi ni ya wote, mkaratusi ni wa mmoja

Kila msimu wa mvua ukikaribia, Serikali hutukumbusha hesabu yake: miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Rais William Ruto aliizindua kampeni hiyo Disemba 2022, kwa lengo la kufikisha asilimia 30 ya nchi kuwa chini ya miti. Tumepewa hata siku mbili za mapumziko kwa ajili ya kazi hiyo, tarehe 13 Novemba 2023 na tarehe 10 Mei 2024. Ile ya pili ilikuwa pia ya kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko. Viongozi walivaa mabuti, wakashika miche, wakapigwa picha.

Hakuna mwenye akili anayepinga kupanda miti. Lakini hesabu hiyo haituambii ni mti gani, umepandwa wapi, na nani atakosa nini ukishakua. Mahali pazuri pa kuuliza hayo ni Khwisero, nchi ya Abakisa, kusini mwa Kaunti ya Kakamega, mpakani na Siaya na Vihiga. Ni mbali na bahari, ila majirani zetu wengi wa Changamwe na Mikindani wana kwao pande hizo za Magharibi. Na tatizo lenyewe, kama tutakavyoona, na sisi wa Pwani tunalo.

Msafiri anayepita huko ataona kijani kila upande. Mvua ni nyingi, udongo unakubali, na miti mirefu iliyonyooka imejaa kwenye mipaka ya mashamba na mabondeni. Mingi ya miti hiyo ni mikaratusi, ambayo wengine huiita bluugamu. Kwa mtu wa takwimu, hayo ni mafanikio. Kwa mama mwenye ndoo kichwani mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, mambo ni tofauti.

Mti uliokuja na reli

Asili ya mkaratusi ni Australia. Ulianza kupandwa Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita, yapata mwaka 1902, ili kupata kuni za kuendeshea treni za reli ya Uganda. Reli hiyo ilianzia hapa kwetu Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Disemba 1901. Injini zilikula kuni, na Waingereza walitaka mti unaokua upesi. Walioujua tabia yake waliutumia kwa kazi nyingine pia: nchini Uganda ulipandwa kukausha madimbwi ili kupunguza mbu wa malaria. Yaani tangu mwanzo ilijulikana kuwa huu ni mti unaoweza kukausha mahali penye maji.

Treni ziliacha kuni zamani, mti ukabaki, na umebaki kwa sababu unalipa. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, zaidi ya 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na aliyebaki na robo eka hawezi kutegemea mahindi peke yake. Miwa nayo iliwavunja moyo wengi. Kiwanda cha Mumias, kilichokuwa mhimili wa uchumi wa eneo zima, kililemewa na madeni hadi kikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019.

Katika hali hiyo mkaratusi ni kama akaunti ya benki. Hauhitaji mbolea wala palizi ya kila msimu. Ukikatwa unachipuka tena kwenye kisiki kile kile. Baada ya miaka michache unatoa fito, baadaye mbao na nguzo za umeme, na wakati wote kuna mnunuzi wa kuni: mwenye tanuri la matofali, shule ya bweni, kiwanda cha majani chai. Mtoto akiitwa kidato cha kwanza, baba huuza miti kumi. Anayemwita mtu huyo mharibifu wa mazingira amsaidie kwanza kulipa karo.

Na tuuseme ukweli wote. Kwa kila kilo ya mbao inayotoa, mkaratusi hautumii maji mengi kupita miti mingine. Ila kwa kuwa unakua kwa kasi na hausinzii wakati wa kiangazi, jumla ya maji unayoyanywa ni kubwa, na mizizi yake hushuka kuyafuata. Ukiwa mlimani, mbali na chanzo cha maji, unaweza hata kuusaidia Msitu wa Kakamega, kwa sababu anayepata kuni shambani kwake haendi kuzikata msituni. Shida inaanza ukipandwa bondeni, pembeni ya chemchemi, mahali ambapo unastawi kuliko kwingine kote. Hapo ndipo wengi wanaupanda, kwa sababu ardhi ya bondeni ina unyevu mwingi na mahindi hayapendi kuoza miguu.

Kiini cha mgogoro

Vijiji vingi vya Magharibi hunywa maji ya chemchemi. Chemchemi hizo, kwa sehemu kubwa, zimo ndani ya mashamba ya watu wenye hati miliki. Lakini kwa mila, maji hayanyimwi mtu. Jirani hupita shambani, akateka, akaenda zake bila kulipa hata senti. Msomaji wa Pwani hatashangaa, maana nasi tumelelewa tukijua kwamba watu ni washirika katika maji, na visima vya wakfu kwenye misikiti yetu ni ushahidi.

Wachumi, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliifuatilia mila hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 walichunguza chemchemi karibu 200 za magharibi mwa Kenya. Waligundua kwamba chemchemi ikijengewa kwa saruji na bomba, vijidudu vya kinyesi katika maji yake hupungua kwa takriban thuluthi mbili, na kuharisha kwa watoto wadogo hupungua kwa takriban robo. Ni faida kubwa kwa kazi isiyo ya gharama kubwa. Lakini mwenye shamba hana msukumo wa kuifanya, kwa sababu haruhusiwi kutoza.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Maji yanayotoka shambani kwake ni ya kijiji kizima na hayamwingizii kitu. Miti iliyo pembeni ya maji hayo ni yake peke yake na inamlipia karo. Chemchemi ikipungua, hasara inagawanywa kwa nyumba hamsini. Mti ukiuzwa, pesa zinaingia mfuko mmoja. Mwenye shamba si mbaya wala si mjinga. Anafanya hesabu ambayo wewe nami tungeifanya. Ndiyo maana mahubiri ya kutunza mazingira, hata yawe matamu namna gani, hayaling'oi shina moja.

Amri ilijaribiwa

Mwaka 2009, nchi ikiwa katika ukame mkali, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito na kwenye ardhi oevu ing'olewe. Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa akiuonya umma kuhusu mti huo kwa miaka, alikuwa upande huo huo wa hoja. Mwaka huo huo Shirika la Huduma za Misitu lilitoa mwongozo wa kuukuza mashambani, likiwataka wakulima wasiupande penye vyanzo vya maji. Tangu mwaka 2006 kulikuwa tayari na kanuni za ubora wa maji zinazotaka nafasi ya mita 6 hadi 30 kila upande wa mto iachwe bila kuendelezwa.

Sheria basi haikukosekana, wala waziri mkali hakukosekana. Kilichokosekana ni jibu la swali moja la mkulima: nikiukata, nitauza nini? Baadhi ya maeneo yalikata, mengine yalisubiri kelele zipite. Kisiki cha mkaratusi huchipuka tena, na amri isiyo na mbadala nayo husahaulika hivyo hivyo.

Wakati huo huo, juhudi nyingine zilikuwa zikiendelea Khwisero kwenyewe. Tangu mwaka 2004, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, kupitia tawi lao la Engineers Without Borders, wameshirikiana na wenyeji kuchimba visima na kujenga vyoo katika shule za msingi. Sababu yao inaeleweka. Watoto, hasa wasichana, hutumwa kuteka maji na kupoteza muda wa masomo. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini kisima kirefu kina pampu, na pampu ina vipuri na fundi. Chemchemi haihitaji vipuri. Ni aibu kwetu kama taifa kwamba kijana wa Montana anavuka bahari kuja kutafuta maji chini ya ardhi, nasi tunayaacha yale yanayotoka yenyewe juu ya ardhi yakauke.

Gazi wamepita njia gani

Pwani tuna mfano ambao Kakamega ingefaa kuutazama. Huko Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, mikoko ilikuwa ikikatwa kwa boriti na kuni kwa hesabu ile ile: mti ni wa aliyeukata, hasara ni ya wavuvi wote. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko. Pesa si nyingi za kutajirisha mtu. Lakini zilikwenda kwenye maji ya kijiji na shule, vitu ambavyo kila nyumba inaviona. Aliyelinda mkoko alipata sababu ya kuulinda, na aliyetaka kuukata alipata majirani wa kumwuliza.

Haiwezekani kuuhamisha mradi huo kama ulivyo. Mikoko ni misitu ya umma, na jamii iliingia makubaliano na Serikali kuisimamia. Khwisero ardhi ni ya mtu binafsi, vipande vidogo vidogo. Bora tuazime wazo kuliko mradi: anayelinda faida ya wengi alipwe na hao wengi. Naivasha wamelifanya hilo kwa njia yao, ambapo watumiaji wa maji wa chini waliwapa wakulima wa juu ya Mto Malewa vocha ili watunze ardhi yao.

Kwa Khwisero hatua zinaweza kuwa ndogo na za kupimika. Katiba imezipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu, kwa hivyo kisingizio cha Nairobi hakipo. Kwanza, Kaunti iorodheshe chemchemi zote za wadi nne za Kisa, na ijulikane ipi ina maji mwaka mzima na ipi inakauka. Pili, kila mwenye shamba lenye chemchemi alipwe fidia ya miti atakayoiondoa karibu na chanzo, kwa awamu, akipewa miche ya miti ya asili kama lusiola, ambayo nayo hutoa nguzo na mbao. Tatu, chemchemi ijengewe, na kamati ya watumiaji itoe mchango mdogo wa kuitunza, sehemu yake imwendee mwenye ardhi. Mila ya kutonyima maji haivunjiki hapo, maana anayeshukuriwa ni mlinzi na maji hayauzwi. Nne, mkaratusi uruhusiwe bila bughudha mahali pakavu, ili karo isikatike.

Na hesabu ya Taifa nayo ibadilishwe. Tathmini ya mwaka 2021 ilisema eneo la nchi lenye miti ni asilimia 12.13, na misitu ni asilimia 8.83. Katika hesabu ya miti, shamba la mikaratusi lililokausha chemchemi linaongeza asilimia sawasawa na mvule wa miaka mia. Serikali inayolipwa sifa kwa idadi italeta idadi. Ingetangaza pia ni chemchemi ngapi zimerudi kutoa maji, tungeona miti tofauti ikipandwa.

Kwa nini sisi tujali

Mtu wa Kisauni anaweza kusema hayo ni ya Waluhya. Afungue mfereji wake. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, ambazo hulishwa na mvua inayopenya mawe ya vilima vya Chyulu, mamia ya kilomita kutoka hapa. Mengine hutoka Marere huko Shimba Hills, mengine visima vya Tiwi, mengine Baricho kwenye Mto Sabaki. Kila mahali hapo kuna mtu anayeishi juu ya maji yetu, mwenye watoto wa kusomesha, anayeamua leo akate, achome makaa au aache. Sisi tunalipa bili kwa kampuni ya maji. Yeye tunamlipa nini?

Mabaharia wa zamani walichimba kisima, wakakiwekea wakfu, na fikihi ikakiwekea harimu yake, eneo la pembeni ambalo hakuna ruhusa ya kulichafua wala kulichimba. Walijua kwamba maji ya wote yanahitaji ardhi ya wote kidogo kuyazunguka. Khwisero wana nusu ya kanuni hiyo: maji hayanyimwi. Nusu ya pili, ya kumlipa aliyeacha ardhi yake iyalinde, ni kazi ya Kaunti na ni kazi yetu sisi wanywaji. Mvua zijazo, kiongozi atakapokuja na mche na mpiga picha, mwulizeni kwanza huo mche ni wa nini na utapandwa mita ngapi kutoka kwenye maji.