Daktari apimwe na ulimi wake

Mgonjwa wako amelazwa na maradhi yamefika pasipo tiba. Daktari anapita wodini, anaandika kwenye faili, anaondoka. Unabaki kumkimbilia muuguzi. Tunalalamika sana, lakini ni nadra kuuliza: huyu alipokuwa masomoni, nani alimpima namna ya kutoa habari nzito?

Kwa Muislamu hili si suala la upole tu. Asiyeelezwa hali yake hupitwa na muda wa kuandika wasia, kulipa madeni, kurudisha amana na kuombana radhi na watu. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua sana akidhani anakufa, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mali yake, akawekewa mpaka wa theluthi. Kisha akapona, akaishi miaka mingi.

Namna ya kupima ipo. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walitangaza mtihani ambao mwanafunzi hupita kituo kwa kituo, kila kimoja na kazi yake na mtahini mwenye orodha ya alama. Kwenye kituo kimoja anaweza kumkuta mwigizaji aliyefundishwa kuwa mgonjwa wa saratani, naye amweleze kuwa tiba imeshindikana. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao wakachapisha hatua sita za kutoa habari mbaya. Mojawapo ni kumuuliza kwanza mgonjwa anataka kujua kiasi gani.

Ni jambo jema, ila kwa maoni yangu halitoshi. Kijana akishajua kuwa "pole" ina alama, ataisema huku macho yako kwenye karatasi. Mimi ningetaka yule "mgonjwa" aulizwe mwishoni: umeelewa nini? Akijibu kuwa atapona, mwanafunzi afeli, hata kama pole alizitoa kumi. Kisha atazamwe wodini kwa wagonjwa wa kweli, tena si siku moja, na jamaa zao waulizwe. Apimwe pia kunyamaza mgonjwa anapolia. Na anayetamka "umebakiwa na miezi mitatu" kana kwamba ameoneshwa ajali ya mtu, akatwe alama. Kusema "dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hatuna, lakini maumivu tutayatuliza" ni ukweli, na hakuingilii elimu ya Allah (S.W.).

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Mara ngapi tumemvuta daktari pembeni tukamwambia, "Mzee asijue"? Daktari aliyefundwa vizuri atamuuliza mzee mwenyewe. Akijibu "mwambieni mwanangu," ni haki yake, lakini awe ameulizwa.

Basi daktari atakapopita tena, mmoja wenu amuulize kwa adabu: Mzee ameshaelezwa nini? Maumivu yatatulizwaje usiku? Na hali ikibadilika, mtatuita mapema na kuturuhusu kukaa naye, tumkumbushe shahada?