Uvira: kazi ikisimama, kodi haisimami yenyewe

Wakaaji wa Uvira wanajua namna maisha yanavyoweza kugeuka kwa siku moja. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuwafukuza watu Kavimvira na Kalundu. Desemba 2025, vita vikaingia mjini. Kila mara, wanaojitafutia maisha wenyewe wanahama, wanafunga kazi, wanaanza upya. Ni wachache wanaokumbuka kuijulisha ofisi ya kodi.

Tuchukue mfano wa mama wa Kimanga anayelea watoto nyumbani kwake wakati wazazi wao wako sokoni. Hana bosi wala mshahara. Mbele ya sheria, yeye ni mtoa huduma kama vile kinyozi au fundi cherehani.

Sheria ya 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi inamtaka ajitambulishe kwa DGI na kuomba Namba ya Kodi ndani ya siku 15 tangu aanze kazi. Akibadili anwani au akiacha kazi, anapaswa pia kutangaza. Asipofanya hivyo, faili yake inabaki wazi. Na sheria inairuhusu DGI kumkadiria kodi yenyewe mtu ambaye hakuleta tangazo lake.

Si kila badiliko lina uzito sawa. Sheria-agizo ya Februari 2013 iliweka kodi ya 50 000 FC kwa mwaka kwa biashara ndogo isiyopita mapato ya milioni 10. Mama akilea watoto wanane kwa 40 000 FC kila mmoja kwa mwezi, anaingiza 3 840 000 FC kwa mwaka. Wakibaki wawili tu, anaingiza 960 000 FC. Kwa kiwango hicho cha 2013, kodi ni ile ile. Kwa hiyo mapato kushuka tu hakumpunguzii kitu. Kinachomwokoa ni kutangaza kwamba kazi imesimama. Aliyepita milioni 10 alipangiwa asilimia 2 kwa huduma: kwa milioni 12, ni 240 000 FC. Huyo akirudi chini ya milioni 10 bila kusema, anaweza kudaiwa karibu mara tano. Viwango vinaweza kubadilishwa na sheria mpya, hivyo ni vema kuuliza kabla ya kulipa.

Kuna mtego mwingine: kuijulisha DGI si kuijulisha ofisi zote. Patanti ina njia yake, na kodi za jimbo zinapita DPMER. Kila mlango una faili yake.

Wengi wananyamaza kwa sababu wanaona kujitangaza ni kujiita mzigo. Woga huo una msingi, maana wanaokuja kudai ni wengi na karatasi zao hazifanani. Lakini kunyamaza kunamfaidi zaidi anayedai kuliko anayedaiwa. Asiye na karatasi ndiye anayebishana mlangoni na kuishia kulipa mkononi, bila risiti.

Kinga ni rahisi: barua fupi yenye jina, Namba ya Kodi, anwani ya zamani na mpya, na tarehe kazi iliposimama. Iandikwe nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kwa aliyehamishwa na maji au vita, cheti cha shefu wa kartiye kinaipa barua nguvu. Malipo yapite benki.

Serikali nayo ina sehemu yake. Siku 15 ni muda wa mji wenye amani. Mtu aliyekimbilia Burundi na watoto mgongoni hawezi kupanga mstari kwenye ofisi ambayo huenda nayo imefungwa. Kama serikali inataka watu wadogo wajitangaze, iwape muda wa kurudi, na isihesabu miezi ya kukimbia kama miezi ya kazi.