Nani Ana Mamlaka ya Kusema "Bado"?

Niliwahi kualikwa kwenye uzinduzi wa mfumo wa kielektroniki wa taasisi moja hapa Arusha. Hema lilisimamishwa, ngoma zikapigwa, mgeni rasmi akakata utepe na kubonyeza kitufe, nasi tukapiga makofi. Jumatatu iliyofuata mfumo ulikataa kufunguka. Wananchi waliokuja alfajiri kutoka Ngaramtoni na Usa River wakaambiwa warudi kesho. Mmoja wa wataalamu walioujenga alikuwa amekwisha kuninong'oneza siku ileile ya sherehe kwamba kazi haijaiva. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: "Mwalimu, kadi za mwaliko zilishasambazwa."

Tangu hapo nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari za Debian, mfumo endeshi wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na unaojengwa hadi leo na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani kote. Wengi wetu tunautegemea bila kujua, maana hata Ubuntu umejengwa juu yake. Toleo lake la 13, liitwalo trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi vya programu zaidi ya 69,000. Sasa linaandaliwa la 14, forky. Wakishika mwendo wao wa takriban miaka miwili, litaangukia mwaka 2027. Hapo hakuna mshahara wa kukatwa wala barua ya onyo. Kazi ya watu wasioamrishika inafikishwaje mwisho?

Ipo timu ndogo ya kuratibu matoleo. Wakati ukifika, hufunga milango kwa hatua. Kwa trixie walianza Machi 2025 kwa zana za msingi ambazo programu nyingine hujengwa kwazo. Aprili mabadiliko makubwa yakakatazwa. Mei masharti yakakazwa zaidi. Kifurushi chenye kasoro nzito kisipopata wa kukitengeneza huweza kuondolewa. Orodha ya kasoro iko wazi kwa yeyote, kwa sababu tangu mwaka 1997 walijifunga kwa mkataba wao na jamii kwamba hawataficha matatizo.

Lakini kinachonivutia zaidi kimo katika katiba yao. Kiongozi wa mradi huchaguliwa kila mwaka, na yeye ndiye anayewakasimu mamlaka waratibu hao. Anaweza kuwabadilisha. Hawezi kutengua uamuzi wao ukishatolewa, wala kuwapa nafasi hiyo kwa sharti kwamba waamue atakavyo. Mtumishi wa umma anayesoma hapa na aisome sentensi hiyo mara mbili.

Nitaambiwa kwamba "bado" nayo inaweza kugeuka uzembe. Ni kweli. Baada ya toleo la Julai 2002, watumiaji wa Debian walisubiri hadi Juni 2005 kupata jingine. Mwaka 2006 ukafanyika mpango wa kuwalipa waratibu wawili ili toleo litoke Desemba. Baadhi ya wenzao waliofanya kazi bure wakanung'unika, wengine wakapunguza kasi, na toleo likatoka Aprili 2007. (Aliyewahi kukaa kwenye kamati ambamo wawili wanapata posho na wengine hawapati hahitaji maelezo.) Mwaka 2009 wakapata njia bora: tarehe ya kufunga milango itangazwe mapema, lakini tarehe ya kutoa toleo ifuate hali ya kazi. Wakulima wa mifereji kwenye miteremko ya Mlima Meru wataielewa haraka. Siku ya kusafisha mfereji hutangazwa mapema, kila kaya hutoa nguvu kazi, na asiyefika hutozwa faini. Maji huja mfereji ukiwa safi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanafunzi wa Tengeru, Njiro na Chuo cha Ufundi Arusha: ingieni katika maandalizi ya forky sasa, kwa kujaribu, kuripoti kasoro na kutafsiri, kabla milango haijafungwa. Timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walituonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu huria inaweza kusema Kiswahili.

Kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo Sheria ya mwaka 2019 inaipa kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya umma: wekeni sharti kwamba kila mfumo uwe na mtaalamu anayetajwa kwa jina, mwenye haki ya kuandika "bado" bila mkurugenzi kuifuta, na orodha ya kasoro ibandikwe mahali wananchi wanapoiona. Kadi za mwaliko zichapishwe baada ya mtaalamu huyo kutia sahihi.